Kilo Ngapi za Dagaa? Kuunganisha takwimu za vyanzo vingi bila kujidanganya

Swali lenyewe ni fupi: mwezi uliopita, upande wa Kigoma wa Ziwa Tanganyika, zilivuliwa kilo ngapi za dagaa? Wenye majibu ni wengi. Kila mwalo, yaani ufukwe wa kushushia samaki, una daftari lake, Kibirizi lake, Katonga lake. Halmashauri ina mafaili ya Excel. Watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania, wana kumbukumbu zao. Ukivuka maji, Burundi, Kongo na Zambia nao wanahesabu samaki wa ziwa hilohilo. Kwa eneo, Kongo inashika takriban asilimia 45 ya Ziwa Tanganyika, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Nchi hizo nne zilisaini mkataba wa kulisimamia kwa pamoja mwaka 2003, na mamlaka yao ya pamoja ina makao Bujumbura. Hatua nzito kama ile ya kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, haiwezi kupimwa faida yake kwa daftari la mwalo mmoja, wala kwa takwimu za nchi moja.

Basi anaitwa fundi wa kompyuta. Anafungua mafaili, anakuta kila moja lina safu za tarehe, mwalo, chombo, samaki na kilo. Moyo unamtulia: skima zinafanana, kazi ni ya mchana mmoja. Mimi nasema hatari inaanzia hapo. Mafaili yasiyofanana hata kidogo hayaleti madhara makubwa, kwa sababu yanagoma. Kompyuta inatoa kosa, mtu anakuna kichwa, anakwenda kuuliza. Yale yanayofanana kwa sura huungana bila kelele, na jumla inayotoka hakuna anayeishuku.

Skima ni sentensi iliyobanwa

Skima ni mpangilio wa hifadhidata: yapo majedwali gani, kila jedwali lina safu zipi, kila safu inapokea nini (namba, tarehe au maandishi), ni safu ipi inayotofautisha mstari mmoja na mwingine, na jedwali hili linashikana vipi na lile. Msingi wake uliwekwa na Edgar Codd, mtafiti wa IBM, katika andiko lake la mwaka 1970. Ndani ya nadharia yake kuna jambo tunalolisahau tukishaizoea Excel: kila mstari wa jedwali ni kauli inayodai kuwa kweli. Mstari usemao "15/06, Kibirizi, dagaa, 40" ni sentensi iliyonyofolewa vitenzi na viunganishi vyake, na kazi ya skima ni kumrudishia msomaji kile kilichonyofolewa.

Jaribu kuirefusha. Inaweza kuwa: chombo kimoja kilishusha kilo 40 za dagaa wabichi Kibirizi asubuhi ya tarehe 15 Juni. Inaweza kuwa: siku hiyo karani alipima vyombo kadhaa, na kwa wastani kila kimoja kilikuwa na kilo 40. Inaweza hata kuwa: mfanyabiashara alisafirisha kilo 40 za dagaa wakavu kutoka Kibirizi. Zote tatu zinakaa kwenye safu zilezile, na hakuna herufi itakayobadilika. Skima mbili zinapatana pale mistari yake, ikirefushwa, inapotoa sentensi ya namna moja. Kama huyu ameandika "mwalo" na yule "kituo", hilo ni jambo dogo, linarekebishwa kwa dakika.

Kulimbikiza na kuoanisha

Data za vyanzo viwili huunganishwa kwa njia mbili, na kila njia ina namna yake ya kuharibika. Ya kwanza ni kulimbikiza: mistari ya Katonga inawekwa chini ya mistari ya Kibirizi, jedwali linarefuka. Ya pili ni kuoanisha: jedwali la mavuno linakutanishwa na jedwali la leseni kwa namba ya usajili wa chombo, jedwali linapanuka.

Kwenye kulimbikiza, lugha ya SQL, inayotumika kuiagiza hifadhidata, ina amri mbili zinazokaribiana, UNION na UNION ALL. Ya kwanza, katika kubandika, hufuta mistari inayofanana kila kitu. Inasikika kama usafi. Lakini kama chanzo hakikuandika namba za vyombo, na vyombo viwili vilishusha kilo 40 za dagaa asubuhi moja kwenye mwalo mmoja, hiyo ni mistari miwili inayofanana kabisa na yote ni ya kweli. UNION itaumeza mmoja. Tumia UNION ALL, kisha marudio yatafute wewe mwenyewe ukiwa na sababu mkononi.

Kuoanisha kuna maradhi mawili. Chombo chenye leseni ya mwaka jana na ya mwaka huu kina mistari miwili upande wa leseni, hivyo mavuno yake yatatokea mara mbili na jumla itavimba. Chombo kisicho na leseni hakipati mwenzake, kwa hiyo katika uoanishaji wa kawaida kinatoweka pamoja na dagaa wake, ilhali ziwani kimo na kinavua. Wakati mwingine makosa haya mawili hufidiana, na jumla ikatoka yenye sura ya kuaminika. Ndiyo maana mimi siamini jumla inayokaribia matarajio mpaka nihesabu mistari iliyoingia na iliyotoka.

Chombo kimoja ni mitumbwi mingapi?

Jambo la kwanza la kuuliza kila chanzo ni hili: mstari wenu mmoja ni kitu gani? Swali la pili: mnapoandika chombo, mnahesabu nini?

Sehemu kubwa ya dagaa huvuliwa na mitumbwi miwili iliyofungwa sambamba, wavu ukishushwa chini ya taa na kuinuliwa dagaa wakishakusanyika. Karani mmoja anaona chombo kimoja, kwa sababu wavu ni mmoja na mmiliki ni mmoja. Mwingine anaona viwili, kwa sababu anahesabu mitumbwi iliyoko ufukweni. Wanaovua kwa nyavu za kuzungusha huweza kuwa na mtumbwi mdogo wa taa pembeni. Huyu anauhesabu, yule anaupita. Sasa kumbuka kwamba kipimo ambacho watafiti wanakitazama sana ni kilo kwa chombo kwa usiku, kwa kuwa ndicho kinachoashiria kama samaki wanapungua. Ukilimbikiza daftari la karani wa kwanza na la wa pili, utaona mwalo mmoja unavua nusu ya mwenzake kwa chombo kilekile. Mtu ataandika ripoti kuhusu kupungua kwa samaki, kumbe kilichotofautiana ni kuhesabu mitumbwi.

Kuna na suala la sampuli. Hakuna anayeweza kupima kila chombo kila asubuhi kwenye kila mwalo. Hupimwa baadhi, kwa siku baadhi, kisha jumla inakadiriwa kwa kuzingatia vyombo vyote vilivyotoka. Ni njia halali kabisa. Shida ni pale faili moja linapoleta kilo zilizopimwa na jingine kilo zilizokadiriwa, na zote zimewekwa chini ya kichwa "kilo". Hizo hazilimbikizwi. Aliyekadiria anatakiwa alete namba zake za mwanzo pamoja na idadi ya vyombo vilivyotoka, ukadiriaji ufanyike upya kwa kanuni moja kwa wote.

Usiku mmoja, tarehe mbili

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu tarehe ndiyo safu ambayo kila mtu anadhani haina neno.

Dagaa wanavuliwa usiku, zamani kwa karabai, siku hizi zaidi kwa taa za LED. Chombo kinatoka Jumamosi jioni tarehe 14 na kurudi Jumapili alfajiri tarehe 15. Mavuno hayo ni ya tarehe ngapi? Karani wa mwaloni, anayekutana na samaki asubuhi, ataandika 15. Mwenye chombo, anayehesabu siku za kazi na mafuta yaliyotumika, ataandika 14. Kwa jumla ya mwezi tofauti ni ndogo, inaonekana tu mwishoni mwa mwezi. Lakini ukitaka kuoanisha mavuno na upepo au na mwezi wa angani, mambo yote yanasogea usiku mzima. Na mwezi si jambo la pembeni huku: ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa vizuri, wavuvi wengi wanapumzika, na ratiba nzima ya kazi inaufuata.

Ongeza desturi ya kuhesabu siku. Kwa Waswahili wa zamani siku huanza jua likizama, kwa hiyo "usiku wa Jumapili" kwa mzee ni ule unaotangulia Jumapili. Kijana aliyezoea kalenda ya simu anauelewa kuwa usiku wa baada ya mchana wa Jumapili. Fomu isiyosema "usiku wa kuamkia" itajazwa na wote wawili kwa uaminifu, na majibu yatapishana kwa siku moja.

Saa nazo zina mambo yake. Saa 12 asubuhi kwenye daftari ni 06:00 kwenye mfumo. Kuna mafaili ambamo karani mmoja kaandika hivi na mwenzake vile. Na kwa kuwa Burundi, Zambia na mashariki mwa Kongo wako saa moja nyuma ya Tanzania, chombo kinachoshusha Kigoma saa 12 asubuhi na kinachoshusha ng'ambo saa 12 asubuhi havikushusha kwa wakati mmoja.

Halafu kuna Excel. Kompyuta iliyoachwa kwenye mipangilio ya Kimarekani husoma 03/04/2025 kuwa tarehe 4 Machi, wakati karani alimaanisha 3 Aprili. Ikifika 15/04/2025 inashindwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 15, hivyo inaiacha kama maandishi. Matokeo yake ni safu yenye tarehe zilizogeuzwa kimya kwa siku 12 za mwanzo za kila mwezi, na maandishi kwa zilizobaki. Ukikuta safu ya namna hiyo, usiyaonee huruma maandishi ukaanza kuyatengeneza hayo tu. Yako sahihi, yaliyopotoka ni yale yaliyokwisha kuwa tarehe.

Tiba inajulikana: andika mwaka-mwezi-siku, kama 2025-06-15, kwa kanuni ya ISO 8601, na weka safu mbili badala ya moja, tarehe ya kutoka na tarehe ya kushusha. Chanzo kinachojua moja tu kijaze hiyo moja, nyingine ibaki wazi.

Kilo za nani

Dagaa mbichi na dagaa mkavu hawana uzito mmoja; maji yakitoka, sehemu kubwa ya uzito inaondoka nayo. Daftari la mwalo huwa na wabichi, kumbukumbu za sokoni na za kusafirisha huwa na wakavu. Zikijumlishwa, si kwamba vipimo vimechanganywa tu, samaki haohao wamehesabiwa mara mbili: asubuhi wakishuka na baada ya siku chache wakipanda gari au treni. Kuna vitabu vinavyotoa kizidishio cha kugeuza mkavu kuwa mbichi, lakini ningeshauri kipimwe palepale. Dagaa aliyeanikwa kwenye kichanja na aliyeanikwa mchangani hawakauki sawa, na wa mchangani hubeba mchanga ambao mizani nao inauhesabu.

Wengine hawatumii kilo kabisa. Wanaandika ndoo, beseni, debe. Usiwageuzie kilo wakati wa kuingiza data. Hifadhi kipimo kama kilivyoandikwa, weka safu ya aina ya kipimo, na ubadilishaji ufanyike katika hatua ya baadaye, ili siku ikigundulika kwamba beseni la mwalo huu ni kubwa kuliko la mwalo ule, unabadilisha namba moja tu.

Hata alama ya mkato ina nchi yake. Kwetu 1,250 ni elfu moja mia mbili na hamsini. Kwa aliyesomea Kifaransa, Bujumbura au Uvira, mkato hutenga desimali, kwa hiyo 12,5 ni kumi na mbili na nusu. Kompyuta iliyowekwa Kifaransa ikipewa 1,250 itasoma moja na robo. Tani inageuka kilo na hakuna taa nyekundu inayowaka.

Samaki mmoja, majina manne

Hili lina ufumbuzi mzuri, kwa hiyo nitalipita haraka. Anayeitwa mgebuka Kigoma anaitwa mukeke Burundi na bukabuka Zambia, na wote ni Lates stappersii. Dagaa wetu ni ndagala kwa Warundi na kapenta kwa Wazambia. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lina orodha ya misimbo ya herufi tatu kwa spishi zinazovuliwa duniani. Unatengeneza jedwali dogo la ulinganisho, jina la kienyeji upande huu na msimbo upande ule, na kazi imekwisha.

Karibu imekwisha. Neno dagaa ziwani humu linabeba spishi mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Sangala nalo linaweza kubeba zaidi ya spishi moja kati ya nne za jamii ya Lates zilizomo ziwani. Chanzo kilichotenganisha kinaweza kujumlishwa kikawa sawa na kisichotenganisha. Kinyume chake hakiwezekani. Jedwali la pamoja litapanda ngazi hadi pale mwenye maelezo machache alipo, na wenye maelezo mengi watalalamika, na wana haki. Dawa ni kuhifadhi ngazi zote mbili: kundi, ambalo kila chanzo kinaweza kulijaza, na spishi, ambayo wanaojua ndio wanaoijaza.

Sifuri, pengo na ziwa lililofungwa

Kisanduku kitupu kina maana angalau nne. Chombo kilitoka kikarudi bila kitu. Chombo hakikutoka kwa sababu ya mwezi mpevu au upepo. Ziwa lilikuwa limefungwa kwa amri. Karani hakuwapo. Ya kwanza ni sifuri halisi na inaingia kwenye wastani. Ya pili na ya tatu zina mavuno sifuri lakini hazina usiku wa kazi, kwa hiyo hazigusi wastani wa kilo kwa usiku. Ya nne haijulikani, na haijulikani si sifuri. Mafaili huzijaza zote kwa alama moja, ama sifuri, ama kistari, ama 999, na kuna mtu mahali fulani ambaye jumla yake ina kilo 999 ambazo hazikuvuliwa na yeyote. Safu ya "sababu" yenye majibu machache yaliyokubaliwa inamaliza ubishi huu, na inapaswa kuwa ya lazima kila kilo inapokuwa sifuri au wazi.

Mahali panapohama

Mwaka 2012 mipaka ya utawala ilibadilika. Uvinza ikawa wilaya ikitoka Kigoma, Buhigwe ikatoka Kasulu, Kakonko ikatoka Kibondo, na mkoa wa Katavi ukazaliwa kutoka Rukwa, ukichukua mialo ya Karema na Ikola. Mtu akilinganisha mavuno ya wilaya ya Kigoma ya 2010 na ya 2015 ataona anguko, na ziwa halihusiki. Kumbukumbu zishikwe kwa mwalo, ambao hauhami, na wilaya isomwe kutoka jedwali lenye tarehe ya kuanza na ya kuisha.

Wanaotumia namba za GPS nao wana mtego wao. Longitudo ya 30 mashariki inapita katikati ya eneo letu, nayo ndiyo mpaka wa kanda za UTM, mfumo wa ramani unaotaja mahali kwa mita ndani ya kila kanda: Kibirizi iko kanda ya 35, Karema kanda ya 36. Namba za kanda hizi mbili zinafanana kwa sura. Ukizilimbikiza bila safu ya kanda, Kibirizi ikasomwa kwa kanda ya 36, mwalo unaangukia upande wa Kondoa.

Namna ya kujenga

Ukishayaona haya, ujenzi wenyewe hauna maajabu. Data ya kila chanzo inaingia kwanza kwenye jedwali lake la mapokezi, ikiwa kama ilivyoletwa, na makosa yake yote. Hapo hapaguswi. Kati ya mapokezi na jedwali la pamoja kuna majedwali ya ulinganisho: ya samaki, ya mialo, ya vipimo, ya sababu. Jedwali la pamoja linatengenezwa na kodi, yaani maagizo ya programu, inayosoma hayo, na linaweza kufutwa na kutengenezwa upya jioni yoyote. Kila mstari wake unabeba jina la chanzo na namba ya mstari kule ulikotoka.

Kosa ninaloliona zaidi kwenye kazi za namna hii ni mtu kusahihisha moja kwa moja ndani ya jedwali la mwisho. Anabadilisha "Kibirisi" kuwa "Kibirizi", anageuza ndoo kuwa kilo, na baada ya mwezi hakuna anayekumbuka nini kilibadilishwa na kwa nini. Sahihisho lolote liandikwe kwenye jedwali la ulinganisho, ambako linaonekana na linaweza kubishaniwa.

Na kubishana kutakuwapo. Kompyuta haiwezi kuamua kama mitumbwi miwili iliyofungwa ni chombo kimoja. Hilo linaamuliwa na makarani, viongozi wa BMU (vikundi vya usimamizi wa mialo), maofisa uvuvi na watafiti wakiwa chumba kimoja, daftari mezani, na uamuzi unaandikwa kwa maneno kamili kando ya jina la safu. Ukurasa huo wa maelezo ndiyo skima yenyewe. Kodi inakuja baadaye.

Kabla ya kutoa jumla, idadi ya mistari kwa kila chanzo ilinganishwe, iliyoingia na iliyotoka, na kilo za kila chanzo vivyo hivyo. Kisha ichaguliwe mistari michache bila mpangilio kutoka jedwali la pamoja, mtu atembee nayo hadi kwenye daftari la mwaloni aitafute. Isiyopatikana, au isiyosomeka kwa sentensi ileile, ihamishiwe kwenye jedwali la pembeni pamoja na sababu yake, na idadi yake itangazwe kwenye ripoti ukurasa uleule wenye jumla ya kilo.